Mguu wa Kukanyagia na Magunia ya Mabaki

Mwaka 2021, nikiwa na miaka sitini na nane, mguu wangu wa kulia ulimeza sindano na haukuniambia.

Naanzia hapo kwa sababu watu wanaonijia siku hizi, wenye sukari na vidonda, huanzia habari zao hospitalini. Ugonjwa hauanzii hospitalini. Wangu ulianzia kwenye kanyagio la cherehani, katika kibaraza cha duka karibu na soko, hapa Tabora mjini, mahali nilipokaa tangu ujana. Mimi ni fundi nguo. Shule niliishia darasa la tatu, baba alipokufa, na sikurithi hata kisu cha kumenyea muhogo. Nyumba ya Ipuli nimeijenga kwa mguu huo. Watoto wamesoma kwa suruali za watoto wa wenzangu. Ukisema najisifu, sawa, najisifu. Hakuna aliyenisaidia.

Fundi wa zamani hakanyagi na kiatu. Mwarabu aliyenifundisha kazi alikuwa akitupiga rula kwenye kifundo cha mguu akitukuta na kandambili. Alisema cherehani haisikilizwi kwa sikio, inasikilizwa kwa unyayo. Mkanda ukilegea, uzi ukitaka kukatika, unyayo unajua kwanza. Nilishika hilo maisha yangu yote, na niliwacheka vijana wanaoshona na raba miguuni. Sasa sicheki.

Sukari nilikuwa nayo miaka mingi. Vidonge nilikuwa nameza nikikumbuka. Nyayo zilianza kufa ganzi polepole, nikadhani ni uzee, maana uzee tunautwisha kila mzigo.

Siku hiyo nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, satini nyeupe. Akaja Mama Siwema, jirani yetu, kuulizia blauzi yake. Hakuuliza blauzi.

"Fundi, hiyo nyekundu sakafuni ni nini? Umeanza kuchinjia kuku kazini?"

Nikatazama chini. Kila nilipokanyaga, mguu ulikuwa umeacha alama.

Nyumbani mke wangu, Mama Zuhura, aliuosha ule mguu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasogeza jicho karibu.

"Baba Zuhura, humu mna chuma."

Akakitoa kwa kibano. Ilikuwa nusu ya sindano ya cherehani.

"Umetembea nayo tangu lini?"

"Sijui."

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Tukapaka asali. Sisi watu wa Tabora asali ndiyo daktari wa kwanza. Nikafunga kitambaa safi, nikarudi kazini kesho yake, maana mguu hauumi, nitalala kwa sababu gani? Hapo ndipo sukari inapokudanganya. Kidonda kinachouma kina huruma, kinakwambia simama. Cha kwangu kilininyamazia. Mvua za kwanza zilipokuja na uyoga umejaa sokoni, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, na wateja walikuwa wanaongea nami wakiwa wamesimama upande unaotoka upepo.

Shemeji yangu Shaabani, kaka wa mke wangu, analima kule Puge. Alikuja kunitazama, akatoa hukumu kabla ya kunywa chai.

"Shemeji, sindano haiingii mguuni mwa fundi. Fundi na sindano ni ndugu. Hii umetegewa."

Nilijua ni sindano yangu. Ilikuwa ile nene ya kushonea jinzi, niliivunja mwenyewe kwenye pindo, nikashindwa kuiona, nikaacha kuitafuta. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini sikiliza wewe unayesoma, ukiambiwa una adui, inakuwa nafuu kuliko kuambiwa mguu wako umekufa ukiwa bado umeuvaa. Adui unaweza kumshinda. Nikaenda Puge.

Mganga alikuwa mtu mpole. Kila asubuhi "mwangaluka", salamu yetu ya kuamkiana, kila asubuhi chale na unga mweusi. Nilikaa kwake mpaka mahindi yakafika magotini. Aliyenitoa ni Zuhura, binti yangu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi kule Kaliua. Alikuja na gari la kukodi, akaniambia, "Baba, panda." Nikapanda. Mjomba wake Shaabani alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Zuhura alimpita kama mti unavyopitwa.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa benchi. Benchi la kliniki ya vidonda ni refu, limelala ukutani, na harufu yake hutaisahau. Unafika alfajiri, unakaa, unasogea, unakaa, unasogea. Watu hawaongei sana. Kila mmoja ana kitambaa chake mguuni na anaogopa kutazama cha mwenzake. Mimi nilipochoka kutazama mlango nilikuwa natazama mishono. Nguo za watu wazima wa Tabora nyingi zimepita mikononi mwangu, na mshono wa mtu ni kama mwandiko wake.

Siku moja mbele yangu alikaa mzee amevaa suti ya Kaunda ya kijivu, imechakaa viwiko. Nikamwambia, "Hiyo niliishona mimi."

"Hii? Hii ni ya marehemu kaka yangu."

"Geuza ukosi. Utakuta uzi wa kahawia. Siku ile wa kijivu ulikwisha."

Akageuza, akatazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ule uzi. Kisha akainuka akanipa nafasi yake karibu na mlango. Ni jambo dogo. Ila siku ile lilinibeba mpaka jioni, na wewe ukiwa kwenye benchi hilo yashike madogo ya namna hiyo, makubwa hayaji mara kwa mara.

Vidole walivikata embe zikiwa zinaisha. Nikadhani yamekwisha. Kusafishwa leo, kupumzika kesho, kusafishwa keshokutwa. Nesi mmoja alikuwa na mkono mwepesi, nikimwona ni yeye moyo unatulia. "Shikamoo babu, leo tunaendeleaje?" "Marahaba. Wewe ndiye unayeona, mimi sisikii kitu." Lakini nilikuwa nasoma uso wake, na kila wiki uso ulikuwa unakunjamana kidogo zaidi.

Mvua zilipoanza kupungua daktari akavuta kiti.

"Mzee wangu, weusi umepanda. Tukate chini ya goti."

"Sikati."

"Ukipanda zaidi tutakata paja. Au tutachelewa kabisa."

"Huo ni mguu wa kukanyagia, daktari. Mimi nakula kwa huo mguu. Ukiuondoa, unaniachia nini cha kufanya?"

Akaacha fomu ya ridhaa kando ya kitanda changu cha wodini, akatoka. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Zuhura alilia, akatoka nje, akarudi, akalia tena. Idi, mwanangu wa kiume aliyeko Dar, alipiga simu kusema nisubiri, atauliza watu. Shaabani alituma ujumbe kwamba mwili wa Mnyamwezi haukatwi kama mti wa mkaa. Wote walikuwa wakiniongelesha kwa sauti laini, kama mtoto anayetaka kuamka. Sauti ile ilinichosha kuliko kidonda.

Ndipo akaja Mzee Pazi. Huyu ni Mzaramo, alikuja Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akabaki. Kwa utani wetu mimi ni mpagazi wake, maana babu zetu walikuwa wakitembea kutoka huku na mizigo hadi kwao pwani, na watani wanarithishana matusi kama wengine wanavyorithishana ng'ombe. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana msibani na hakuna wa kumkataza.

Hakunipa pole. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, akaziba pua kwa kofia yake.

"Mpagazi, unanuka."

"Nenda kwenu basi ukale nazi."

"Nitakwenda. Nimekuja kuuliza jambo moja. Nasikia umekataa kukatwa."

"Nimekataa."

"Sawa. Sasa wewe ukifa, mtani wa kusimamia kaburi ni nani? Ni mimi. Mgongo wangu unaujua. Kaburi lako lote, refu namna hiyo, siliwezi. Lakini kaburi la mguu," akapima kwa mikono miwili, kama anayepima samaki, "hili nalimudu. Nionee huruma mzee mwenzio. Anza na hili fupi, hilo refu nipe miaka nikijiandaa."

Mke wangu alijifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nami nikacheka, na nilipocheka nikajua kuwa sitaki kufa. Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nilikuwa nautetea mguu tu.

Nikaomba kalamu. Jina langu naliandika vizuri.

Mguu ukikatwa, hospitali inawauliza jamaa kama wanautaka. Sisi tuliutaka. Shehe alituelekeza: unafungwa kitambaa, unazikwa, hauswaliwi, kwa sababu mwenyewe yu hai. Kitambaa nilikuwa nacho. Chini ya kitanda changu cha nyumbani kuna jora la marekani, kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua, nililoliweka miaka mingi nyuma liwe sanda yangu. Nikamwambia Idi, aliyekuwa amefika kwa treni, "Kata humo. Kata ya kutosha, usifanye uchoyo." Wakaenda makaburini yeye na Pazi.

Jioni Pazi alirudi wodini na udongo kwenye magoti, akasimama kama mtoa taarifa.

"Tumemzika. Hakuwa na maneno. Ameacha mjane mmoja, mguu wa kushoto. Mtunzeni. Na mimi nadai jogoo wangu wa kazi."

Nilirudi nyumbani kiangazi kikiwa kimeanza, upepo wa baridi na vumbi. Sitakuficha, hapo ndipo kulikuwa kugumu. Hospitalini unangoja kutoka. Nyumbani hungoji chochote. Kila alasiri, saa ile niliyozoea kuwa kazini, mguu usiokuwepo ulikuwa unakanyaga. Naapa. Kisigino, vidole, kisigino, vidole, mwendo wa kushona pindo refu. Nilikuwa naweka mkono pale na kukuta godoro. Mguu ule ulipokuwa hai nilikuwa siusikii, sasa umezikwa ndiyo nausikia.

Mke wangu alikuwa akinibeba bafuni kwa bega lake. Na yeye si kijana. Asubuhi moja maji ya moto yalimwagika, nikamfokea. Akaweka kata chini.

"Nimechoka, Baba Zuhura."

"Na mimi nimechoka."

"Basi tuchoke bila kufokeana."

Tukakaa pale bafuni, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye kizingiti, mpaka maji yakapoa. Sijui mafundisho mengine ya ndoa yanasemaje. Hilo ndilo nililopata.

Idi alileta cherehani nyumbani, akaifunga mota, akasema nitakanyaga kwa kushoto, kugusa tu. Lakini kushoto nako ganzi ilikuwa imeshaingia. Nikadhani nimegusa, kumbe nimekandamiza. Cherehani ikakimbia, sindano ikanipita kwenye kucha ya kidole gumba cha mkono. Niliifunika cherehani kwa shuka. Fundi asiyeshona ni mzee tu anayesubiri chakula, na mimi sijawahi kusubiri chakula cha mtu.

Sasa nikueleze kuhusu mabaki. Mteja akileta kitambaa, kikishashonwa hubaki vipande. Kwa kanuni vipande ni vyake. Kwa desturi ya mafundi, vipande asivyoviulizia siku hiyo ni vya fundi, na ndiyo maana mjini wanasema mafundi tunakula vitambaa. Wenzangu waliviuza kwa watengeneza mito. Mimi nilivitia kwenye magunia, kwa sababu mtu aliyekua bila shati hawezi kutupa kitambaa. Magunia yalikuwa yamejaa chumba cha uani mpaka dari.

Mke wangu alikuja mlangoni na kiberiti.

"Yale magunia yana panya. Nichome?"

"Lete moja kwanza nione."

Akaliburuta, akalimwaga kwenye mkeka. Zikatoka zama zote. Krimplini za maua makubwa, tetroni za suruali za bugaluu zenye miguu mipana, khaki za shule, vitenge vilivyoingia kwa njia ya Kigoma, kaniki ya bibi mmoja aliyekuwa havai kingine. Kila nilichoshika nilimjua mwenyewe. Huyu alikuwa karani wa posta. Huyu alikimbiwa na mume wiki ileile alipoivaa nguo yake. Mke wangu alisimama tu, kiberiti mkononi, mpaka nilipovuta kipande cha rangi ya chungwa chenye miduara ya kahawia.

Akakaa chini.

"Hiki ni cha gauni langu."

"Ndiyo."

"La mwaka ulionioa."

"Kiuno kilikuwa chembamba. Kilibaki kingi."

Alikinusa. Hakina harufu, kina vumbi na panya, lakini alikinusa. Kisha akaweka kiberiti kwenye mfuko wa nguo yake na kuniuliza ninakitaka kwa kazi gani. Nikasema nitaunga. Sikuwa nimepanga. Mkono ndio uliosema.

Watu wa mjini wa zamani huuita mfarishi, wanangu wanaita blanketi la viraka. Juu vipande vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu, chini kitambaa kimoja kizima, na vyote unavipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, kisha unavishona pamoja kwa mkono. Hakuna kukanyaga. Yanahitajika macho, na ya kwangu sukari imeyagusa, siwezi kutunga uzi kwenye tundu. Basi Mama Zuhura akawa anatunga. Anatunga sindano nyingi asubuhi, anazichoma kwenye kigodoro kidogo, ananiachia, anakwenda shughuli zake. Subana, ile kofia ya chuma ya kidoleni, niliifukua kwenye droo ya cherehani. Ilikuwa ya yule Mwarabu.

Kwa kitambaa cha chini nilitoa lile jora la marekani, sehemu iliyobaki baada ya mguu. Mke wangu akasita.

"Hiyo si sanda yako?"

"Watu walio hai wana baridi," nikamwambia. "Nibakizie ya kunitosha. Siku hizi nimekuwa mfupi."

Mfarishi wa kwanza ulikuwa wa Pazi. Niliweka khaki ya sare yake ya reli katikati. Aliugeuza, akaupekua kama mnunuzi wa sokoni.

"Nilidai jogoo."

"Jogoo ungemla siku moja."

"Na huu mshono umepinda hapa."

"Umepinda kwa sababu nilikuwa nakuwaza."

Akauweka begani, akaondoka nao mchana wa jua kali, amejifunika, akisimamisha kila mtu njiani. Mama Siwema alipopata wake alitambua krimplini ya kijani kabla hajaukunjua wote.

"Mwizi wewe. Nilikuuliza kama kimebaki, ukasema kimekwisha."

"Nilikuwa nakutunzia."

"Miaka yote hiyo?"

"Ungekuwa nacho wewe ungekuwa umeshafanya tambara la kudekia."

Aliutandika kitandani kwake siku hiyohiyo, akawaita wanawake waje kuona wizi wangu.

Wa Shaabani ulinichukua muda, si kwa ukubwa. Nilimpa Zuhura aupeleke Puge, wakati wa likizo. Alikataa. Nikamwambia mguu ni wangu, aliyeupoteza ni mimi, na hasira hiyo anayoibeba ni mzigo wangu pia, nami mizigo nimechoka nayo. Akaenda. Alipofika alimwambia mjomba wake maneno machache tu: "Baba anasema huku kuna baridi." Shaabani akaupokea kwa mikono miwili, akamkaribisha chai. Zuhura akanywa nusu kikombe. Hawajapatana. Lakini nusu kikombe kimenywewa.

Alikuja mtu kutoka Dar akitaka kununua, anasema vitu vya kizamani vina soko sasa. Nikamwambia akusanye mabaki ya nguo za wateja wake, awasubiri wazeeke, kisha aunge. Siuzi. Nilishona kwa malipo tangu utoto, hii ni ya watu wangu.

Wewe uliyeambiwa una sukari, nina moja tu la kukwambia, mengine waulize waliosoma. Tazama nyayo zako kila siku. Usiulize kama zinauma. Zitazame kwa macho, na kama huwezi kujikunja, tafuta anayekupenda akutazamie. Na ukiona kitu, usimtafute adui. Nenda.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya vyumba vinne, Ipuli, imeezekwa bati. Cherehani moja, imefunikwa shuka, inasubiri mjukuu atakayeitaka. Magongo mawili, na mguu wa bandia unaonibana joto likizidi. Magunia ya mabaki, yamepungua, panya wamehama. Mkasi. Subana. Mfarishi mmoja mkekani, haujaisha, ni wa Idi. Marekani ya kunitosha. Kaburi dogo moja lisilo na jina, ambalo Pazi hulifyeka nyasi kila baada ya mvua na kudai jogoo. Mke mmoja, ambaye kila asubuhi huvuta kigoda dirishani, huweka mguu wangu kwenye paja lake, hufungua vidole kimoja kimoja, na kuutazama kwenye mwanga kama nilivyokuwa nikitazama mshono kabla ya kumkabidhi mteja. Na huo mguu wenyewe, wa kushoto. Mjane. Mpaka asubuhi ya leo, ni mzima.